Anakwenda Visiwani

Ninyi vijana mtakaosoma haya, simu wekeni pembeni kwanza. Mimi sikusoma sana. Nilitoka shule darasa la nne, mdogo wangu alipozaliwa na mama akahitaji mikono nyumbani. Lakini kuandika najua. Mkikuta herufi imepinda, ni mkono umechoka, siyo akili. Majina sitayataja. Wanaohusika wanajijua, na wasiohusika hayawasaidii.

Nataka kuwaeleza jinsi tulivyolinganisha nchi mbili za visiwa hapa nyumbani kwangu Kanazi, tukiwa tumekaa mkekani, bila hata mmoja wetu kuziona. Mtasema haiwezekani. Inawezekana. Watu wengi wameoana hivyohivyo.

Mjukuu wangu ni muuguzi. Ni binti wa mwanangu wa kiume, ambaye ni seremala, na nyumba yake iko chini kidogo ya yangu, ndani ya kibanja kilekile alichotuachia marehemu mume wangu, migomba na kahawa. Mjukuu alipanga chumba Kashai, Bukoba mjini, akawa anajitolea katika zahanati moja mjini. Kujitolea, kwa asiyejua, maana yake unafanya kazi kama wenzako halafu unarudi nyumbani kama ulivyokwenda. Alikuwa amejitolea mwaka wa pili unaisha.

Jumamosi moja asubuhi akaja. Akapiga magoti akanisalimu, nikampa kahawa ya kutafuna, akatafuna mbili akaacha. Mjukuu wangu akiacha kahawa najua kuna jambo. Akatoa barua mbili. Moja ilitoka hospitali ya Shelisheli. Nyingine ilitoka Morisi, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Zote mbili zilimtaka, na zote mbili zilitaka jibu kufikia Ijumaa iliyofuata, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Baba yake alizisoma zote, akazikunja vizuri, akasema, "Mama akikubali, na mimi nimekubali." Mwanangu ana desturi hiyo. Jambo likimtisha ananikabidhi mimi.

Nikauliza Shelisheli ndiyo wapi, maana kuna mwanamke wa Pwani aliyeolewa hapa kijijini ambaye kila siku anasema kwao kuna matunda yanaitwa mashelisheli, na mimi humjibu kwamba sisi tuna mafenesi. Mjukuu akasema ni nchi, Bibi, iko baharini, ni visiwa vidogo. Na Morisi? Na yenyewe ni nchi, iko baharini, ni kisiwa. Nikamwambia basi, niambie ipi ni nzuri. Akafungua simu. Kumbe watu wameshazilinganisha. Nchi mbili zimepangwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto kama wanafunzi waliogombana, na kila moja imepewa alama: hewa, usalama, nyumba, barabara, matibabu, hadi furaha. Juu pameandikwa ubora wa maisha.

Neno ubora mimi nalijua kwenye kahawa. Unaanika mpaka ikauke, halafu unachukua punje moja yenye ganda lake, unaitikisa sikioni. Ikilia ndani, imekauka. Isipolia, hata ingekuwa na rangi nzuri namna gani, ni mbichi na itaoza gunia zima. Nikamuuliza mjukuu hao waliotoa alama walitikisa nini. Akasema waliuliza watu, Bibi, kwenye mtandao. Nikamuuliza kama waliwauliza wageni au wenyeji. Hakujua.

"Basi tuulize sisi," nikamwambia.

Shelisheli alikuwako mwenzake waliyesoma naye chuo. Mjukuu akanirekodi sauti yangu nikiuliza, akaituma. Nilianza na chakula. Yule binti akajibu mchana uleule, na alijibu kwa heshima, alinisalimu kwanza. Akasema kule ni safi, maji yanatoka bombani siku zote, hospitali ina kila kitu, watu hawagombani. Chakula karibu chote kinakuja na meli, hadi kitunguu. Ndizi zipo, ila wanazipika na nazi na sukari, wanazila baada ya chakula.

Sukari kwenye ndizi. Nikauliza swali la pili: mgeni akipenda mahali, anaweza kupewa kipande cha ardhi apande hata mgomba mmoja? Akasema mgeni anapewa kibali cha kufanya kazi, akimaliza anarudi kwao. Mgomba hakuuona kwenye kibali chake.

Morisi hatukuwa na mtu wa kumuuliza, tukatazama picha zinazotembea kwenye simu. Miwa. Barabara, halafu miwa, halafu mji, halafu miwa tena. Watu wa kila rangi. Mjukuu akasema kule kuna vimbunga, upepo ukija watu wanatangaziwa mapema wabaki ndani. Nikasema nchi ambayo upepo unatangazwa siyo nchi mbaya, hapa upepo unatangazwa na migomba iliyolala chini. Halafu nikamuuliza kuhusu ile nyumba ya wazee, ndiyo nini hasa.

"Wazee wanaishi pamoja, Bibi. Tunawaogesha, tunawalisha, tunawapa dawa. Kwa zamu."

"Watoto wao wamekufa?"

"Hapana. Wako kazini."

"Kazi gani?"

Akafikiri. "Wengine nadhani wanatunza wazee."

Nikamwambia hiyo nchi ifutwe. Akacheka, lakini hakuifuta. Niliona anaipenda ile barua kuliko ile nyingine. Chumba cha kulala walikuwa wamempigia picha, dirisha lina pazia la njano. Kijana akishaona pazia, amekwisha kuhama.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Baada ya misa tukatoka nje na jirani yangu, ambaye ndiye kiongozi wa jumuiya yetu ya kusali na ni mwanamke mwenye masikio mazuri. Akaniuliza habari za mjukuu wa mjini. Nikamjibu kama ilivyo. Nikasema, "Yupo. Siku si nyingi anakwenda visiwani."

Akaniangalia. Akasema, "Maskini, waitu," kama tunavyomwita mtu wetu. Akanishika mkono, akauminya, akaondoka haraka kwenda kwa wenzake.

Sikutia akilini. Nilifikiri amesikitika kwa sababu ya umbali.

Jumatatu saa nne asubuhi wakaja wanawake watano, jirani mbele. Walileta mkungu wa ndizi na maharage kwenye kapu, na nyuso zao zilikuwa za msibani. Wakakaa. Nikawapa kahawa, wakatafuna. Mwisho jirani akaanza taratibu, akasema sisi wote tuna watoto, na shetani hachagui mlango, na kwamba mtoto bado hajapanda boti, kwa hiyo bado tuna nafasi. Mmoja akasema shemeji yake anafanya kazi ya kupakia mizigo pale Kemondo, angeweza kusimama bandarini amrudishe. Mwingine akauliza kama kuna mwanamume aliyemdanganya.

Hapo ndipo nilipoelewa.

Kwenu mliozaliwa mjini nieleze. Huku kwetu ukisema mtu amekwenda Ulaya, umesema amekwenda Ulaya. Ukisema amekwenda Dar, umesema amekwenda Dar. Lakini ukisema msichana amekwenda visiwani, hukusema safari. Umesema amepotea. Maana visiwa tunavyovijua sisi ni vile vya ziwani, makambi ya wavuvi, ambako wanaume wana fedha mkononi na hawana wake karibu, na msichana akienda kule anauza vyakula mwezi wa kwanza, na mwezi wa pili watu hawaulizi tena anauza nini. Neno ni lilelile. Mjukuu wangu alikuwa na barua mbili zenye mihuri ya serikali za watu, na mimi bibi yake nilikuwa nimemtangaza mbele ya kanisa kuwa malaya.

Nikawaeleza wale wanawake kwamba ni nchi, ziko baharini, ni uuguzi. Wakaitikia kwa vichwa. Jirani akasema, "Ndiyo, mama, nchi," kwa sauti tunayomwitikia mgonjwa anayesema amepona. Wakaniachia mkungu.

Habari ilifika kwenye karakana ya mwanangu kabla ya mchana. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitanda akampa pole. Jumanne asubuhi mwanangu akaja kwangu hajanywa hata chai, akakaa kwenye kigoda, akasema safari imekufa. Haendi Shelisheli, haendi Morisi, abaki Kashai ajitolee. Nikamuuliza sababu. Akasema mimi nimelichafua jina la mtoto, na akiondoka sasa ndiyo watu watathibitisha. Hakuna atakayeona ndege. Wataona tu kwamba hayupo.

Mjukuu alikuwa amelala kwangu usiku ule, akawa amesimama mlangoni anasikia. Hakulia. Angelia ningeweza kumfukuza akaoshe vyombo. Alisimama tu na zile barua mbili, na siku zilikuwa zimebaki tatu.

Nikamwambia mwanangu, "Visiwani siyo tusi."

"Mama, unajua maana yake."

"Najua kuliko wewe. Nimekaa huko miaka minne."

Akasema, "Ulikaa Muleba, Mama."

Basi ilinibidi niseme jambo ambalo sikulisema kwa miaka mingi kuliko umri wake.

Watoto wangu wote wanajua kwamba kabla hawajazaliwa mimi na baba yao tulikaa Muleba miaka minne, kwa dada yangu. Muleba mjini nimewahi kulala mara moja. Dada yangu aliishi huko kweli, lakini nyumba yake haikuwa na nafasi hata ya paka. Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi, na kazi ya mitumbwi ilikuwa visiwani, kwa hiyo tulikwenda visiwani. Ni wilaya ya Muleba, hilo ni kweli. Ndiyo sababu mama mkwe wangu aliweza kuusema ule uongo miaka yote na bado akapokea komunyo.

Tulikaa visiwa viwili, na mkitaka kulinganisha ubora wa maisha, nina alama zangu.

Kisiwa cha kwanza kilikuwa na udongo. Watu walikuwa wamezaliwa pale, na bibi zao pia. Hapakuwa na duka. Ukitaka chumvi unamwambia anayekwenda nchi kavu, na unaisubiri wiki. Lakini siku ya tatu tangu tufike, mama mmoja mwenyeji akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akanionyesha kipande cha ardhi chenye upana wa chumba, akasema panda. Hakuniuliza nitakaa muda gani. Nilipanda migomba minne na maboga. Nilikuwa maskini sana pale, na sikulijua hilo hata siku moja.

Kisiwa cha pili kilikuwa jiwe. Mume wangu alifuata kazi, maana sangara walikuwa wameanza kuleta wanunuzi na kila mtu alitaka mtumbwi. Vibanda vya mabati vimeshikamana bega kwa bega, na ukikohoa jirani anasema pole. Pale kila kitu kiliuzwa. Soda baridi, betri, vitenge vipya, mkate, redio tatu zinapiga nyimbo tatu. Ndizi zilikuja na boti zikiwa zimeiva upande mmoja. Watu walitoka kila mahali, na walikuwa watu wa kawaida, wengine wema kuliko waumini wa huku, lakini kila mmoja alikuwa amekaa kama anayesubiri boti. Hakuna aliyejua nyumbani kwa mwenzake. Yule aliyepima nchi kwa simu angelifika kisiwa kile angelikipa alama nyingi sana. Mimi mwenyewe nilikipa. Nilinunua kikombe cha kioo.

Tulikuwa na mtoto. Msichana, alikuwa ameanza kutembea, anatembea ameshika ukuta wa bati. Akashikwa na homa. Dawa zilikuwa zinauzwa, tukanunua, tukampa. Siku ya tatu akafariki, asubuhi.

Ninyi mnajua sisi mtu wetu analala wapi. Analala kibanjani, kati ya migomba, watoto wanampita wakienda kuchota maji, na mkungu ukianguka juu ya kaburi mtu anausogeza na kumwambia samahani. Nikamwambia mume wangu tumpeleke nyumbani. Boti ilikuwepo, lakini ilikuwa inasubiri magunia ya dagaa yajae, na mwenye boti hakuwa mtu mbaya, alisema kesho. Kesho ikawa kesho. Mume wangu akamtengenezea sanduku kwa mbao za mtumbwi, lilinuka lami. Wanaume wakatafuta mahali penye udongo wakakosa, wakamweka kwenye mchanga wakampangia mawe juu. Yalikuwa mawe mazuri. Waliyachagua.

Tuliporudi, mkwe wangu akanipa maji ya kunawa, akaniangalia tumbo na mikono, akaona sikurudi na mtoto aliyesikia nimemzaa huko. Akasema, "Hukuwa visiwani. Ulikuwa kwa dada yako Muleba. Na huyo mtoto hatujamwona." Alikuwa ananilinda, naelewa sasa. Mwanamke aliyetoka visiwani hakuwa na thamani, na mtoto aliyezikwa kwenye jiwe alikuwa aibu ya ukoo mzima. Nikatii. Kutii kulikuwa rahisi kwa sababu sikuhitajika kufanya kitu. Nilihitajika kunyamaza tu.

Hayo nilimwambia mwanangu Jumanne ile, kwa kifupi kuliko nilivyoandika hapa. Alikuwa ameshika randa, maana alikuja nayo kutoka karakana bila kujijua. Ni randa ya baba yake. Akaitazama muda mrefu.

Akauliza, "Alikuwa dada yangu?"

Nikamwambia angekuwa dada yako mkubwa, na angekusumbua sana.

Akatoka. Nilimsikia anapiga randa ubao mpaka mchana, na jioni nilipopita nikaona ule ubao ameumaliza wote, umebaki maranda tu.

Mjukuu ndiye aliyekaa nami. Akaniuliza, "Bibi, sasa nifanye nini?" Nikamwambia tumetikisa vibaya. Tumeuliza ndizi, tumeuliza ardhi, hatukuuliza swali lenyewe. Achukue simu awaandikie wote wawili swali moja, kwa Kiingereza kizuri: mfanyakazi wenu akifariki huko kwenu, mnampeleka kwao au mnamwekea mawe?

Akasema, "Bibi, watu wanaoomba kazi hawaulizi hivyo."

Nikamwambia ndiyo maana wanazikwa ovyo. Akaandika. Ile ya mawe aliiacha, nilikuja kujua baadaye.

Shelisheli walijibu Jumatano. Mistari minne, safi kabisa: mkataba kifungu fulani kinasema mwajiri atagharimia, tunakutakia siku njema. Mjukuu akanisomea mara mbili. Nikasema hao ni watu makini, na nilisema kweli. Nikafikiri jambo limekwisha.

Alhamisi asubuhi nikiwa naanua kahawa, simu ikalia, namba ndefu. Ni matroni wa ile nyumba ya wazee ya Morisi, amepiga mwenyewe. Mjukuu akawa anazungumza Kiingereza amesimama wima kama yuko gwaride, halafu akaniangalia, akaziba simu kwa kiganja. Akasema matroni anauliza ni nani aliyeuliza lile swali, maana siyo swali la msichana wa umri wake. Amemwambia ni bibi yake. Sasa anataka kunisalimia.

Nikafuta mikono. Mjukuu akawa mkalimani. Sauti ya yule mwanamke ilikuwa ya mtu mzima, nzito, amevuta sigara au amelia sana katika maisha. Alisema wameajiri wageni miaka mingi na hajawahi kuulizwa hilo, kwenye mikataba yao halimo, na alipolisoma aliona haya. Akasema jana jioni aliwasomea wazee wake swali langu wakiwa mezani. Wakabishana mpaka chakula kikapoa, maana kila mmoja ana mahali anapotaka kulala na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee mmoja alisema bibi huyo aletwe.

Nikamwambia siji. Mjukuu akatafsiri. Matroni akacheka.

Halafu akasema ameandika mstari kwa mkono chini ya barua, kwamba msichana huyu likimpata lolote atarudishwa nyumbani kwao Kanazi kwa bibi yake, ametia sahihi na muhuri, na picha yake anaituma sasa hivi. Ikaingia. Kanazi wameiandika vizuri. Mwandiko umepinda kama wangu.

Nikamwuliza mjukuu anataka ipi. Akasema, "Hawa, Bibi. Hawa wameuliza swali ni la nani." Nikamwambia sawa, na pazia pia. Akasema na pazia pia.

Alhamisi hiyohiyo alasiri ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya. Wakaja wengi kuliko siku nyingine, nadhani walitegemea mtoto atakuwa ameshapotea. Mwanangu hakuwa mtu wa jumuiya za alasiri, lakini alikuja, akakaa karibu na mlango. Tulisali. Ikafika maombi ya mtu mmoja mmoja. Jirani akaombea vijana wetu walio katika njia mbaya. Wakaitikia utusikie.

Zamu yangu ikafika. Nikasema naomba kwa ajili ya binti yangu wa kwanza, aliyefariki visiwani nikiwa naishi huko na mume wangu, na hakuwahi kuombewa katika nyumba hii kwa sababu tulisema nilikuwa Muleba. Na kwa ajili ya mjukuu wangu anayekwenda visiwani kutunza wazee.

Kuku aliingia akatoka. Jirani yangu, mwanamke mwenye masikio mazuri, alikuwa ameinama, nikafikiri ananionea haya. Kumbe alikuwa anatafuta sauti. Akasema, "Ee Bwana utusikie," peke yake, kabla ya wengine. Walipoondoka alibaki nyuma, akaniambia mama yake mzazi alikuwa na dada aliyekwenda visiwani, na hajui hata jina lake. Nilimrudishia kapu lake la Jumatatu.

Ijumaa mjukuu akajibu Morisi. Shelisheli aliwaandikia asante, na mimi nikamwambia awaongezee kwamba ni watu makini. Viza ilichukua muda wake.

Siku aliyoondoka alivaa sweta kwenye jua. Baba yake alikuwa amemtengenezea kisanduku cha mbao cha kuwekea nyaraka, kizuri mno kwa kazi hiyo. Nilimpa kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba. Akapiga magoti akaniaga, gari likampeleka Bukoba mjini uwanja wa ndege, nasi tukabaki uani tunaangalia vumbi.

Kabla hawajatawanyika nikawaita wote: mwanangu, mke wake, wadogo wa yule msichana, hadi yule anayetusaidia kupalilia. Nikawaambia wasikilize vizuri, sitarudia. Kuanzia leo katika nyumba hii hakuna kusema ng'ambo, hakuna kusema nje ya nchi, na Muleba hakuna. Atakayeulizwa watoto wetu wako wapi, ajibu wako visiwani, na asiinamishe kichwa. Na akiulizwa walioko huko ni wangapi, aseme wawili.